Mlangoni Kwangu Hakupaza Sauti

Zarichne, wiki ya sikukuu ya Pokrova

Kaka yangu mpendwa Yukhym,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Lusia. Goti lako vipi? Natumaini baridi ya Lisboni haijaanza kulisumbua, ingawa baridi ya huko, kwa jinsi unavyoisimulia, sisi huku tungeiita kiangazi. Sisi tupo. Siandiki kwamba tu wazima, maana sitaki kuanza barua kwa uongo.

Simu hupokei, iwe ya Severyn au yangu, tangu siku ulipomwambia kwamba siasa imemkausha damu. Sikulaumu. Hata mimi kiangazi kizima sikumsemesha. Lakini leo nashika kalamu kwa ajili yake. Nataka mpatane, na mpatane upesi, kwa sababu mdogo wetu anaisha huku namwona.

Wewe uliondoka akiwa mwalimu wa historia mwenye koti moja. Hukumwona alivyoingia Bungeni, akawa anarudi kutoka Kyiv kila Jumamosi kwa treni, mkono mmoja soseji, mwingine ahadi. Aliahidi barabara, barabara ikafika nusu. Watu wakasema lami ya Severyn ni kama masomo yake, kengele inalia hajamaliza. Alipoomba kura mara ya tatu, akina mama wa sokoni walimpangia maboga langoni, kama mposaji aliyekataliwa, na kweli alianguka vibaya. Lakini unamjua. Aliyapika maboga yote kwa mtama, akawaita walioyaleta waje wale. Odarka wa samaki alimwambia, mdomo umejaa, “We Severyn, kwa ubunge hufai, lakini uji unaujua. Ngoja tukupe umeya, usije ukafa njaa.” Wakampa.

Kisha vita ikaja, na lami ikasahaulika. Taarifa ya kifo ikifika mjini, ofisa wa jeshi haendi peke yake. Meya naye huenda, avue kofia, amshike mama wa watu asianguke. Severyn hakukwepa hata mlango mmoja. Ikawa gari lake likiingia mtaani, wanawake wanashusha mapazia. Bibi Paraska alizimia pale kwenye ngazi zake, kumbe mwenzake alikuja kumuuliza habari za bomba la maji! Tangu hapo Severyn akaanza kupaza sauti tangu kona ya mtaa, kabla hajafika langoni kwa mtu: “Siji na kitu! Jamani, siji na kitu, nimefuata bomba tu!” Watoto wakawa wanamwigiza. Sokoni wakamtania, “Bwana Meya, leo huji na kitu? Basi na sisi hatukuuzii kitu.” Alicheka nao, lakini nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya.

Kikosi cha mwanangu Yarema kilipohamishiwa kule kubaya, nilikwenda kwa Severyn nikapiga magoti jikoni kwake. Nilimwambia majenerali anawajua, amekula nao meza moja, aseme neno moja tu mtoto apelekwe karakana, akatengeneze magari. Alinijibu kwamba hawezi. “Dada, nikimtoa wetu, kesho kwa mama wa mwenzetu nitaingia na uso gani?” Ndipo na wewe ukampigia, mkaambiana yale mliyoambiana. Nami nikamfungia mlango.

Sasa kaa kwanza, kaka.

Mwezi uliopita nilikuwa bustanini nachimba viazi, nikasikia gari. Nikangoja apaze sauti. Akashuka kimya, ofisa nyuma yake. Nikamwambia, “Sema, Severyn. Piga kelele kama unavyopigia wenzangu. Sema huji na kitu.” Akavua kofia. Yarema wetu, mtoto wako wa ubatizo, hayupo tena.

Nisamehe kwa kukuandikia hivi. Nilikupigia mara nyingi siku zile.

Alipoletwa, mji mzima ulipiga magoti kando ya barabara, kwenye lami na kwenye tope. Severyn alipiga magoti kwenye tope, nyuma ya watu wote. Hakuwa pamoja na wafiwa kwa sababu mimi nilimkataza. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mwanangu amezikwa na kiburi cha mjomba wake.

Siku ya tisa, tulipokaa mezani kumkumbuka marehemu, alikuja mwenzake mmoja wa kikosi, kijana wa Sumy, mkono umefungwa bendeji. Alizungumza akidhani najua. Alisema mwanzoni mwa kiangazi ilifika amri Yarema arudi nyuma, karakana, kwa sababu mjomba wake alikwenda mwenyewe kumwombea. Nilihesabu, kaka. Alikwenda kesho yake, baada ya mimi kupiga magoti. Na Yarema alikataa. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa kuwatoa majeruhi, na hakukuwa na mwingine anayeijua ile njia. Alimpigia mjomba wake mbele ya kijana huyu, akamsihi: “Mjomba, mama asijue kwamba nimekataa. Afadhali akuchukie wewe, mimi sitaweza kulibeba hilo.” Severyn akakubali tumchukie.

Nilitoka mezani vilevile na aproni yangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni. Alinitazama tu akajua nimeambiwa. Aliniambia matusi yetu aliyamudu. Kinachomla ni kwamba alimwombea wa kwetu, na watoto wa wenzetu hakuwaombea, halafu akaendelea kuingia majumbani mwao na kuwashika mikono. Alisema anaacha umeya. Nilimkumbatia, tukalia kama siku ile tulipomzika mama.

Alhamisi ikaja taarifa nyingine, ya mtoto wa mwalimu wa muziki. Severyn alishindwa kushuka garini. Nilikwenda nikamshika mkono tukaingia wote, na mlango nilibisha mimi. Yule mama hakumtazama hata ofisa. Alinitazama mimi na kitambaa changu cheusi, akaja kifuani kwangu.

Arobaini ya Yarema inakaribia. Njoo. Umepita sitini, si umri wa jeshi tena, mpakani hawatakuzuia kurudi zako Lisboni. Kama goti halikuruhusu, basi Jumapili baada ya ibada Severyn atakupigia. Nimemlazimisha. Pokea. Hapa mjini wote wanamwogopa au wanamhurumia, hakuna anayethubutu kumgombeza. Hata ukimtukana, mtukane kwa sauti yako ile ya zamani, ajue bado ana kaka.

Nisalimie sana wifi yangu. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Melaniya