Wifi, Haukuwa Mkwaju Wako

Wifi yangu Somoe,

Usininunie kwanza, soma. Leo nina hasira mpaka chai imenishinda, na mimi nikishindwa na chai ujue kuna jambo.

Ule mkwaju wa kumwagia wazee waliotangulia unga wa tambiko, ulioukata kwa kuwa ulikuwa unainamia nyumba yako. Mwaka uleule jua likachoma maua ya mikorosho. Mwaka wa pili tena. Nani alisema, "Somoe kawaudhi wazee, ndiyo maana tunaungua"? Mimi. Nikalipeleka neno hilo kisimani, nikalipeleka unyagoni Msimbati, likarudi limenona. Watu wakaacha kuja kukusaidia kuokota korosho. Ukaokota peke yako na mgongo wako ule, mpaka ukalala usiamke. Hata mazikoni walinong'ona, wifi. Hata mazikoni!

Sasa juzi kaja bwana shamba, katukalisha pale shuleni. Anasema joto hili ni la dunia nzima. Watu wanachoma mafuta, makaa ya mawe, hata gesi kama hii inayochimbwa kwetu, na wanaochoma sana wako mbali huko, tangu enzi za babu zetu. Hewa yake inapanda, huioni, inakaa huko juu miaka na miaka. Jua linaingia, ardhi inapata moto, moto ukitaka kutoka ile hewa inauzuia.

Nikaropoka, "Kama nyungu!"

Si unakumbuka homa ile, umenifunika mablanketi mawili na chungu kinafuka, nalia nitoe, wewe unasema, "Tulia, mdomo wewe"? Ndivyo. Dunia imefunikwa, na walioifunika wamekaa kwenye viyoyozi. Jasho letu. Na sisi wajinga, wenye kuni tatu jikoni, tukageukiana!

Nikamuuliza, na mti mmoja wa wifi yangu je? Akasema, "Mama, miti inasaidia kuipunguza hiyo hewa, lakini mkwaju mmoja haukaushi maua ya wilaya nzima." Nikasimama nikawasema wenzangu wote, nikajisema na mimi, mpaka sauti ikakauka.

Haitoshi. Kesho naanzia kisimani, halafu mlango kwa mlango, kila nilipolipeleka lile neno. Uongo wangu ulimaliza kuzunguka kijiji kwa siku mbili. Ukweli hauna chumvi, utachelewa, ila miguu ninayo.

Pumzika, wifi. Kaka yangu akikuuliza huko mliko nani alikuzushia, usinifiche. Nitaje.

Wifi yako,
Mwanahawa