Moteur ya bongo na kaye ya profesa

Butembo, Jumatano jioni, 2002

Siku tatu! Moteur ya bongo, ya kuigiza mu ordinateur, inatetemeka tu, haizunguke, na miye nabadilisha tu barégulateur, bile bya kuiongoza. Groupe ya umeme inawaka saa mbili kwa siku, juu basoda bamefunga barabara ya Beni, mazutu, mafuta yake, haipite. Na Ijumaa promotion yote, banafunzi ba mwaka wetu, tunapita mbele ya jury ya mutihani.

Leo Kavira, mwenye tunasoma naye, ananiuliza: «Mais pembe ya rotor, uliizidisha na ine? Moteur iko na bapaire ine ya sumaku.»

Hapana. Mu kaye ya masomo haiko. Tangu vita ilizuia profesa kule Kisangani, sisi wote tunanakili kaye moja ya masomo yake, copie juu ya copie, hatujue tena ilitoka kwa nani.

«Ni mupumbavu gani aliiandika?» namuuliza.

Kavira akafunga ile kaye ya kwanza, akanionyesha jina kwa jalada. Jina yangu.