Daftari la Mzee Lukumani

Gongoni, Tabora
12 Januari 2025

Mwanangu Zamda,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, ila goti linanisumbua, kupanda kwenye mapaa ya watu siku hizi ni kazi. Baridi ya Ulaya vipi? Mdogo wako Najiat atapiga picha barua hii akutumie, maana mimi na simu hatupatani.

Hitima ya wazee wetu ni katikati ya Shaaban, wiki tano zijazo. Daftari la Mzee Lukumani, babu wa baba yangu, halijarudi. Ulisema chuo cha huko kinaliazima miezi sita tu. Sasa ni mwaka. Majina ya wapagazi wenzake waliofia njiani wakienda pwani yamo humo. Nitawasomea watu nini?

Baba yako,
Sadiki

25 Januari

Baba, shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima.

Daftari lipo salama. Limefungiwa mpaka limalize kuorodheshwa, hata mimi mwalimu mgeni sijaruhusiwa kulishika. Ushirikiano wa vyuo una taratibu ndefu, baba. Nivumilie.

Binti yako,
Zamda

17 Februari

Mwanangu, u hali gani? Sisi wazima.

Jana tumesoma hitima. Majina ni arobaini na moja, nimeyataja kwa kichwa. La thelathini na nne nikakwama. Mzee Majidi akaitikia amina mapema ili anistiri. 

Niambie ukweli.

Baba yako

3 Aprili

Baba, shikamoo.

Nilinyamaza kwa aibu, si kwa kazi. Siku ya kutia saini ya kulitoa daftari, fomu iliuliza: kuazima au zawadi? Kuazima kulitaka chuo chetu cha huko nyumbani kionyeshe chumba kikavu cha kulihifadhi likirudi. Chumba chetu kinavuja, kuna ndoo katikati. Wageni wa Ulaya wananitazama, mkuu wa chuo ananikonyeza tusije tukawapoteza. Niliona haya kuitaja ile ndoo. Nikaandika zawadi, kwa jina lako.

Nimewaomba mara tatu walirudishe. Wamekataa.

Zamda

19 Aprili

Binti yangu,

Natumai u mzima. Barua yako nimesomewa mara mbili. Nimekasirika, sikufichi. Mimi ni fundi bati, Zamda. Paa lile ningeliziba kwa siku mbili, ungeniambia tu.

Chuo cha huko kimeniletea fomu ya kuomba kuliona daftari. Jina nimejaza, na kazi nimejaza. Chini wanauliza sababu ya kutaka kuliona. Hapo nimeshindwa. Nijazie wewe.

Baba yako,
Sadiki