Wageni wa Maparoni Wamepita Mlango Wetu

Jumamosi. Mvua imenyesha alfajiri, kisha jua likatoka kwa hasira, na mimi nimeamka hivyohivyo.

Jana ilikuwa siku ya ziara, Shajara, na wageni wetu hawakula kwetu.

Kwa asiyejua: kila mwaka watu wanakuja hapa kijijini kulizuru kaburi la sheikh wa zamani. Wengine wanatoka deltani kwa boti, wengine bara kwa bodaboda. Wakishasoma dua wanalishwa bure, na kila kundi lina nyumba yake ya kurithi. Watu wa Maparoni ni wetu tangu enzi za bibi yangu. Bi Somoe, jirani yetu, anapokea wasio na nyumba. Na kuna sharti: mgeni wa ziara haitwi wala haulizwi. Anaingia mwenyewe. Asipoingia unanyamaza, kwa sababu ukimuuliza kwa nini hakula kwako umeshajitangaza mwenyewe kwamba nyumba yako ina kasoro.

Basi jana watu wa Maparoni walitoka kaburini, wakafika mlangoni kwetu, wakamsalimia Mama kwa heshima zote, wakaendelea hadi kwa Bi Somoe.

Wote.

Nilikuwa nimeshika birika la kuwanawisha mikono. Nilisimama nalo mpaka mkono ukaniuma. Mama alikuwa barazani, kanga yake mpya kichwani, anaitikia salamu kama vile hakuna kilichotokea. Nilitamani kulia, na nilitamani zaidi kumfuata Bi Somoe.

Mimi ni mtu wa shaka, sifichi. Hata kwenye cherehani yangu kule Kibiti mteja akisifia sana nguo napima tena. Na hili nililipima usiku kucha.

Huku kwetu ni rahisi sana kuwafukuza wageni wa mtu. Unanong'ona tu kwamba chakula chake kina kitu, basi. Hakuna atakayekuuliza kitu gani. Na nani mwenye nafasi ya kunong'ona kuliko jirani anayebakiwa na makombo kila mwaka? Tena Alhamisi, nilipofika, Bi Somoe aliingia kwetu mara mbili kwa mlango wa uani. Mara zote mbili nilipotokea mazungumzo yakakatika, wakaanza kusifia mvua.

Mama naye alikuwa na mambo yake. Alinipa ungo nichague mchele, yeye ambaye hajawahi kuniamini na ungo maisha yangu yote. Tena mchele wenyewe kidogo, wa sufuria ndogo. Nilipouliza akasema wageni watakuwa wachache mwaka huu. Nilidhani ni ubahili wa uzee. Sasa najiuliza alijuaje.

Ninachoogopa ni hiki. Mimi na kaka yangu aliyeko Dar tulishakubaliana kwamba Mama akishindwa kupikia wageni, atahamia kwangu Kibiti. Tulimwambia kwa nia njema. Yeye alijibu kwamba nyumba isiyo na wageni wa ziara imekufa, na kwamba hatutaki kumtunza, tunataka kumfungia mizigo. Kwa hiyo aliyewachukua watu wa Maparoni hakuchukua masinia matatu ya wali. Amemng'oa mama yangu kwake.

Leo asubuhi nikapita uani kwa Bi Somoe, eti naomba moto. Na nikaliona.

Kawa letu. Lile la ukindu lenye ukingo mwekundu, alilosuka bibi, ambalo halifuniki chakula kingine chochote ila cha ziara. Lilikuwa limeoshwa na kuanikwa juu ya kichanja chake.

Shikamoo niliitoa kwa pembe ya mdomo. Kisha nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwita mwizi wa wageni, hilo ndilo dogo kati yao. Bi Somoe alikuwa anamenya mihogo. Hakuacha kumenya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, ndipo akasema polepole:

"Kawa nimepewa, mwanangu. Aliyenipa unakaa naye."

Nilirudi nyumbani nikimshuku na Mama.

Nilimkuta anamimina chai, kidole kimoja ndani ya ukingo wa kikombe. Nikakaa mkekani karibu na nguzo, tukaongea habari za mvua, nami nikawa natafuta pa kuanzia. Mimi mtu ninayemshuku lazima nimtazame usoni. Kwa hiyo nikanyanyuka taratibu, miguu mitupu, nikasimama mlangoni penye mwanga. Kabla sijafungua mdomo, Mama akanyoosha kikombe kuelekea nguzoni.

"Shika chai yako, mwanangu, itapoa."

Alikuwa anautabasamia mkeka mtupu.

Nilimtazama, na mkono wake ukazidi kungoja. Ndipo nikakumbuka mwaka jana, mzee anayewaongoza watu wa Maparoni alivyosita kutafuna, akatoa kijiwe mdomoni na kukificha kiganjani, akacheka na kuomba aongezewe wali. Mama alisikia. Nikakumbuka ungo, sufuria ndogo, na yale mazungumzo yaliyokuwa yakikatika. Alikuwa amewagawa wageni wake kwa mkono wake mwenyewe, na kawa juu yake, ili asitokee mwingine wa kutafuna jiwe. Na ili mimi nisione.

Bi Somoe alijua. Alikubali kuitwa mwizi na mtoto wa juzi kuliko kuitoa siri ya mwenzake. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Nilirudi nikakaa palepale karibu na nguzo, nikapokea kikombe. Nikasema chai ni nzuri.

Kaka ametuma ujumbe anauliza kama wageni walikula vizuri. Sijamjibu. Yawezekana ni mtoto wa jicho tu, na Utete kuna hospitali, tunaweza kwenda wiki ijayo. Yawezekana siyo. Lakini ili nimpeleke lazima kwanza nimwambie kwamba najua, na kabla ya hapo nina shikamoo nzima ninayodaiwa kule uani kwa jirani.

Miaka yote nilidhani mwenye shaka katika nyumba hii ni mimi. Kumbe Mama ananishuku kunizidi. Wali wake aliukabidhi kwa jirani, macho yake akanificha mimi niliyemzaa.

Hapana, nimekosea kuandika. Yeye ndiye aliyenizaa. Na bado hakuniamini.

Nikimwambia twende Utete, atasikia Utete, au atasikia kamba za mizigo?