Bomba Limefika Tunakoteka Maji

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Sio Port. Omena, dagaa wa ziwa hili, ni tamu, lakini Nafula, mtoto wa Shangazi, anaharisha tangu juzi na macho yameingia ndani. Choo cha soko kilikuwa kinamwaga uchafu ufuoni. Watu walichoka na harufu, wakarefusha bomba lake hadi kwenye kina cha ziwa. Huko ndiko Shangazi huenda kwa mtumbwi kuteka maji ya kunywa, maana watu wa hapa husema maji ya mbali ni safi. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba tunakunywa choo.

Akacheka. "Ziwa ni kubwa, binti wa shule. Linameza kila kitu."

Nilichemsha maji, akayamwaga, ati yananuka moshi. Nitachemsha tena. Mwombee Nafula, nami uniombee sauti kubwa zaidi.

Wako akupendaye,
Taaka