Maswali Tisa Niliyoshindwa Kuuliza

Jumamosi, mwisho wa Aprili. Litembo.

Ukungu umekaa bondeni tangu asubuhi, na sasa jioni inakaribia bado haujaamua kama unaondoka au unalala hapa hapa. Nimevaa sweta la Mama juu ya sweta langu. Nina furaha, na pia nimemuudhi rafiki yangu, kwa hiyo acha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuchagua.

Kwa aliyefika kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: nasoma lugha chuoni Dar es Salaam, mwaka wa pili, na niko nyumbani huku Umatengoni kwa likizo fupi. Mwezi uliopita nilipata ufadhili wa kwenda Hispania wiki nane, Julai na Agosti, kujifunza Kihispania kwa kuishi na wenyewe. Wanayaita mafunzo ya kiangazi. Huku kwetu Julai ni baridi ya kushinda jikoni, lakini sikuwasahihisha. Ufadhili wenyewe ni wa mara moja tu, na niliachiwa kazi moja: kuchagua programu.

Zilibaki mbili. Ya kwanza iko mji mkubwa wa pwani: shule yenye vioo, bweni, matembezi kila Jumamosi, wanafunzi kutoka kila pembe ya dunia. Neema, tunayekaa naye chumba kimoja chuoni, alishaichagua hiyo, na nilimwahidi tutakuwa wote. Ya pili iko mji mdogo wa bara, kwenye mashamba ya mizeituni. Darasa ni asubuhi tu, halafu unarudi kwa familia moja na unaishi humo kama mtoto wa nyumbani. Nyumba moja, mwanafunzi mmoja.

Sasa niungame. Nina A mbili za Kihispania na siwezi kuagiza chai.

Kwenye karatasi mimi ni moto wa kuotea mbali. Mtu akinisemesha, nakuwa bubu. Hata Neema hajui, maana nimekuwa fundi wa kuficha: nacheka, naitikia kwa kichwa, namwachia yeye aseme. Nilichokuwa naogopa ni kumaliza wiki nane Hispania na kurudi na ububu ule ule, halafu nisiwe na wa kumlaumu.

Kila programu ilitupa nafasi ya kupiga simu ya video kabla ya kuamua. Jumatano nilipiga ya shule ya mjini. Dada wa mapokezi alikuwa na tabasamu zuri. Nilisema sentensi moja ya Kihispania, nikakwama katikati ya ile ya pili, naye kwa huruma kabisa akahamia Kiingereza. Dakika nne tulikuwa tumemaliza kila kitu. Nilijiona nimeokolewa, nikamwandikia Neema kwamba mambo yameiva.

Leo saa nne asubuhi ikawa zamu ya mji mdogo. Kusema kweli nilipiga kwa adabu tu. Mtandao hapa nyumbani unakamata upande wa vichanja vya kuanikia kahawa, na msimu huu ni vitupu, kwa hiyo nikakaa juu ya kimoja na daftari langu lenye maswali tisa. Chumba kikoje, chakula kikoje, basi linapita saa ngapi, na mengine ya namna hiyo. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage na kujifanya hasikilizi. Tulikuwa na dakika kumi.

Akatokea bibi mwenye miwani, Bi Remedios, umri wa bibi yangu. Hapo ndipo nilipokosea.

Au tuseme hapo ndipo nilipokuwa Mmatengo. Mtu mzima humrukii na maswali. Nikaanza kumwamkia. Nikatafuta shikamoo kwa Kihispania, sikuipata, nikaizunguka: nikamwambia namheshimu, nikauliza ameamkaje, watu wa nyumbani wameamkaje, miguu inasemaje, kazi za shamba zinaendaje. Kila salamu ilinichukua karibu nusu dakika kuijenga. Yeye hana Kiingereza hata cha kuombea maji. Aliweka mikono mezani akasubiri niunge maneno yangu, na nilipokosea alilitamka neno vizuri, taratibu, kisha akajibu. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Binti yake anafanya kazi kwenye duka la mikate, anatoka alfajiri. Miche ya nyanya hajaipanda bado, baridi imechelewa kuondoka. Kisha akaniuliza na sisi tumeamkaje. Nikamweleza habari za Mama na za kahawa. Nikageuza simu nikamwonyesha ngoro, yale mashimo ya shamba letu la mteremkoni, akataka kujua ni nani aliyachimba yote yale.

Simu ikakatika. Dakika kumi zimekwisha, na sikuuliza hata swali moja kati ya yale tisa.

Nikaduwaa na daftari langu. Nikamwambia Mama nimeharibu, dakika zote zimeishia kwenye salamu na magoti ya bibi.

"Umeharibu nini?" Hata hakuinua macho kwenye ungo. "Ulitaka umuulize chakula kabla hujamuuliza magoti?"

"Mama, zile zilikuwa dakika za maswali."

"Mimi sijui. Tangu umefika nakusikia unasoma tu. Leo ndiyo nimekusikia unaongea."

Ni kweli, nilikuwa nimeongea dakika kumi nzima, na nilisahau kuogopa.

Nikakumbuka Lituhi. Nikiwa darasa la sita niliachwa likizo nzima kwa shangazi aliyeolewa huko, kando ya Ziwa Nyasa. Mama mkwe wake alikuwa na Kiswahili cha kanisani tu, mengine yote Kinyasa. Kila asubuhi nilianika naye usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa, na hapakuwa na mtu wa kunitafsiria. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya tano niligombana na binti wa jirani kwa Kinyasa, na nikashinda. Binamu zangu wangekuwepo wa kunitafsiria, ningerudi Litembo na neno moja la usipa basi.

Nilimwandikia Neema ukweli wote, pamoja na ububu. Nikamwambia nikiwa naye nitajificha nyuma yake kama kawaida. Akajibu: "Miaka miwili chumba kimoja na hukuniambia. Nimekasirika. Nitakupigia nikipoa." Ana haki. Mama naye, nilipomtajia kwamba sitakuwepo msimu wa kuchuma, alisema hii kahawa ilikuwa inachumwa kabla sijazaliwa.

Saa tisa nikafungua fomu. Mji mdogo. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya kueleza, kwa Kihispania, kwa nini nimeichagua familia hii. Siku zote hapo ningevuta kamusi na kushona aya nzima ya kupata A. Leo niliiacha ndani. Nikaandika sentensi moja, na nina hakika ina kosa: nimemchagua kwa sababu alinisubiri nimalize.

Nikaituma hivyo hivyo, na kosa lake.