Poda kwenye Kola ya Bwana Mifugo

Wewe mama wa huko Soni milimani, teremsha huo mzigo kabla hujaua mtoto! Wasomaji, sikieni kwanza alichoniandikia.

"Mpendwa Bibi, shikamoo, naomba msaada maana moyo unachemka, mume wangu Hezekia ni bwana mifugo, serikali imempeleka kwa Wamasai chini ya mlima Oldonyo Lengai, mwezi jana alikuja likizo nikakuta kwenye kola ya shati lake poda ya kijivujivu, kumuuliza ananiambia ni jivu la mlima, nikacheka, mimi nimezaliwa milimani Bibi, mlima unatoa ukungu na moshi wa watu wanaochoma mashamba, jivu la wapi, na sasa ametuma salamu kwa Darweshi, dereva wa lori la mboga, ati nisithubutu kwenda, mlima unatema moto, ila nimtumie doti ya kanga kuukuu, mwanamume kanga za nini kama hana wa kumvika, nimeshafunga mzigo, Ijumaa napanda lori na mtoto mgongoni nikawafumanie. Selina."

Marahaba. Wivu si dhambi, mwenye mume lazima aungue kidogo. Lakini akili umeiweka wapi? Mwanamke gani anahongwa kanga kuukuu? Hata mimi kikongwe ningemtupia usoni!

Sikusoma sana, ila macho ninayo. Mwanangu Silvano alifanya kazi ya barabara huko, mlima ukatapika, akarudi macho mekundu na kifua kinakoroma. Kanga moja inaloweshwa, inafungwa puani na mdomoni. Ya pili inafunika mtungi, maana maji yenye jivu si ya kunywa. Milima yetu imelala, mwanangu. Ule uko macho.

Hiyo poda ipekeche vidoleni. Poda inateleza na kunukia, jivu linakwaruza kama mchanga. Usilipulize, litakuingia machoni.

Naye Hezekia asijifanye shujaa. Wamasai wakihamisha ng'ombe, ahame nao, asibaki kulinda kibanda cha serikali. Jivu likimwagika aingie ndani, afunge milango. Makorongoni asipite, tope la jivu huporomokea humo. Na mtoto hapelekwi huko, hata kama wapo wanawake kumi wa kufumaniwa.

Bado wivu unakusumbua? Basi chagua kanga yenye maneno makali kuliko zote ulizonazo, kila akivuta pumzi aipitishe kwenye maneno yako. Ijumaa mkabidhi Darweshi, mwambie, "Selina anasema mlima ukizidi, rudi." Kisha geuka, nenda nyumbani ukampikie mtoto.